Kiingereza kwa Watu Wazima, Somo la Kumi na Nne: Maneno ya Tabia ya Nchi na Wanyama wa Porini

Natumaini daftari zenu zi tayari na penseli zimechongwa. Somo la leo lina maneno mengi kuliko ilivyo desturi yetu, na baadhi yake yataka uangalifu. Si kwa sababu ni magumu kutamka, bali kwa sababu mtu akiyachanganya aweza kudai kisichokuwa chake, au akaacha kudai kilicho chake. Ninyi msomao somo hili kitabuni bila kulisikia redioni, lisomeni kwa sauti, hata kama watoto watawacheka. Kiingereza cha kusomwa kwa macho tu ni sawa na kujifunza kuogelea juu ya mkeka.

Nianze na barua. Imetoka kwa mkulima mmoja wa wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Asema tembo waliingia shambani kwake usiku, mahindi yakiwa yameanza kukomaa, na kulipokucha hakuna bua lililokuwa limesimama. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa habari za kifuta jasho. Lakini shemeji yake akaaye ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, amwambia kwamba huko serikali hulipa fidia, na kwamba yeye naye asikubali kingine ila fidia. Kijana wake aliyemaliza kidato cha nne akazitafuta kanuni zenyewe, zilizoandikwa kwa Kiingereza, akakuta neno "consolation". Akafungua kamusi, kamusi ikamwambia kwamba maana yake ni faraja. Basi mkulima huyu auliza: "Je, bwana mwalimu, hizi ni pesa au ni pole?"

Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyopata kuulizwa, nami nitalijibu, lakini si sasa. Maneno ya tembo hayaeleweki vizuri pasipo maneno ya mvua, kwa hiyo na tuanzie juu mawinguni, kisha tushuke shambani.

Neno la kwanza ni "weather". Sauti iliyo katikati ni ile ya "dhahabu" na "dhambi". Semeni pamoja nami: wedha. Tena: wedha. Ninyi wa pwani mna bahati, maana sauti hiyo mmezaliwa nayo. Ninyi wa bara msiseme "weza", kwani hapo mtakuwa mmesema Kiswahili na si Kiingereza.

"Weather" ni hali ya hewa ya leo, ya jana au ya juma hili: jua, mvua, upepo, ukungu. Neno la pili ni "climate", nalo hutamkwa klaimiti. Hii ni tabia ya nchi, ambayo siku hizi twaiandika kwa neno moja, tabianchi. Wataalamu hawaisemi tabia ya nchi kwa kutazama mwaka mmoja. Kwa desturi hukusanya hesabu za miaka 30 ya mvua na joto, wakapata wastani wake.

Naona katika jambo hili Kiswahili chaeleza vizuri kupita Kiingereza. Mtu mpole akikasirika siku moja, hatusemi kwamba tabia yake imebadilika. Twasema leo amekasirika. Lakini akigomba asubuhi na jioni mwaka hata mwaka, majirani wataanza kusema, "Fulani amebadilika tabia." Hivyo ndivyo ilivyo kwa nchi. Siku moja ya baridi kali Njombe ni "weather". Miaka mingi ya joto lizidilo kidogo kidogo ni "climate". Andikeni sentensi hizi mbili: "The weather is hot today." Hali ya hewa ni ya joto leo. "The climate is changing." Tabia ya nchi yabadilika.

Sasa yaunganisheni: "climate change". Hapa nataka tusimame, kwa kuwa kuna kanuni itakayowafaa leo mpaka mwisho wa somo, na hata mpaka mwisho wa maisha. Katika Kiswahili twaanza na jambo lenyewe, kisha twaeleza ni la nini: badiliko la tabia ya nchi. Mwingereza hugeuza. Majina mawili yakifuatana, la mwisho ndilo jambo lenyewe, na lililotangulia lalieleza tu. Kwa hiyo majina yakikupanga foleni mbele yako, usianze kichwani, anzia mkiani. "Water tank" ni tangi la maji. "Tank water" ni maji ya tangi. Maneno ni yale yale, lakini moja waweza kulibeba kwa ndoo, na la pili lahitaji lori.

Jaribuni wenyewe kabla sijasema: "rain gauge". Neno "gauge" hutamkwa geji, maana yake kipimo. Basi "rain gauge" ni kipimo cha mvua, kile kikopo kisimamishwacho uwanjani katika shule nyingi.

Tuje kwenye mvua. "Rain" ni mvua. Lakini katika Kiingereza cha huku kwetu mtasikia pia "the rains", na hizo ni mvua za msimu. Masika ni "the long rains". Vuli ni "the short rains". Mwingereza asiyepata kutoka kwao London hawezi kujua "the long rains" ni nini, kwa maana kwao mvua hainyeshi kwa kufuata majira kama kwetu. Ni Kiingereza kilichofunzwa adabu na hali ya nchi zetu. Na kuna neno jingine, "monsoon", yaani zile pepo za majira, kaskazi na kusi, zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wareno, na Wareno walilipata kwa Waarabu wasemao "mausim". Sisi nasi tulilichukua huko huko tukalifanya "msimu". Kwa hiyo mkikutana na "monsoon" msiliogope. Ni binamu yenu.

Mvua zikikosa kunyesha, Mwingereza asema, "The rains have failed." Kitenzi "fail" mwakijua, ni kile cha mtihani. Mwanafunzi hushindwa mtihani, na mvua nazo kwa Kiingereza hushindwa. Sisi twasema mvua zimekosa, au zimekatika. Zikishindwa hivyo kwa muda mrefu huja "drought", yaani ukame. Litazameni neno hilo katika maandishi: lina "gh" ndani yake, lakini hiyo haina sauti kabisa. Hutamkwa drauti. Kinyume chake ni "flood", mafuriko, nalo hutamkwa fladi, si fludi. Msiniulize kwa nini. Kiingereza kiliandikwa na watu wengi kwa karne nyingi, na hakuna aliyepita nyuma kukifagia.

Angalieni tena: "drought" si "dry season". "Dry season" ni kiangazi, nacho huja kila mwaka, na mkulima hukitarajia akaweka chakula ghalani. "Drought" huja bila kualikwa. Mtu akiandika katika taarifa kwamba ng'ombe walikufa katika "dry season", msomaji aliye mbali atafikiri ni jambo la kila mwaka na ataweka karatasi chini. Akiandika "drought", ataisoma mara ya pili.

Sasa nitawasomea habari fupi kwa Kiingereza, polepole, kisha tutaifumbua. "In 2022 there was a drought in Kenya. The rains had failed season after season. The grass dried up and many wild animals starved. Between February and October, 205 elephants and 512 wildebeest died."

Habari hii ni ya kweli. Hesabu ilitangazwa na serikali ya Kenya mwezi Novemba mwaka ule 2022, na pamoja na tembo 205 na nyumbu 512 walikuwamo punda milia wa kawaida 381, na punda milia wa Grevy 49, ambao ni wachache sana duniani. Misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya, kuanzia vuli ya mwaka 2020. Neno la kushika hapa ni "starve", kufa au kuteseka kwa njaa. Na mmeona kwamba nilisema "wildebeest died", wala sikuongeza "s". Nyumbu kwa Kiingereza aweza kuwa mmoja au elfu na neno lisibadilike. Vivyo hivyo "buffalo", ingawa wengine huandika "buffaloes".

Kwa nini tabia ya nchi yabadilika? Hapa tena pana maneno mawili yaliyokwisha kupotosha wafasiri. La kwanza ni "global warming", ongezeko la joto duniani. "Globe" ni ule mpira wenye ramani ya dunia uwekwao juu ya meza ya mwalimu. "Warm" ni joto kidogo, joto la chai iliyokaa, joto la blanketi. Mimi kwa maoni yangu Waingereza walichagua neno la upole mno. Mtu wa nchi ya baridi akisikia "warm" hufurahi. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, miaka 10 ya kuanzia 2015 mpaka 2024 ndiyo iliyokuwa na joto kupita yote tangu watu walipoanza kulipima kwa vyombo duniani kote. Hiyo si chai iliyokaa.

La pili ni "greenhouse". Nimewahi kuona likiandikwa kwa Kiswahili "nyumba ya kijani", kana kwamba ni nyumba iliyopakwa rangi. Sivyo. "Greenhouse" ni banda la kioo au plastiki la kukuzia mimea, kama yale ya mashamba ya maua ya Naivasha na Arusha. Ingia ndani ya banda hilo saa sita mchana nawe utaelewa mara moja: jua laingia, lakini joto halitoki upesi. Hewa fulani zilizo angani hufanya kazi mfano wa hiyo juu ya dunia nzima. Kiingereza huziita "greenhouse gases", na Kiswahili cha siku hizi huziita gesijoto. Mojawapo ni ile hewa ya ukaa itokayo katika kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu. Katika mlima Mauna Loa, kisiwani Hawaii, hewa hiyo imepimwa tangu mwaka 1958. Wakati ule ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Kufikia mwaka 2024 ilikuwa imepita 420. Kitenzi chake ni "increase", kuongezeka. Kinyume chake ni "decrease", kupungua, na kingine kitumiwacho sana katika hesabu za wanyama ni "decline".

Na kwa kuwa tumetaja kupungua, twende porini.

"Wildlife", tamka waildlaifu. Kiswahili chake ni wanyamapori, lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, neno hili halina wingi: usiandike "wildlifes", wala usiseme "wildlife are"; sema "wildlife is". Pili, katika sheria laweza kubeba zaidi ya wanyama. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kwa mfano, yaingiza hata mimea ya porini ndani ya neno hilo. Mtu akikata mti fulani huku akisema "mimi sikugusa mnyama", neno hilo moja laweza kumkamata.

"Species" hutamkwa spishizi, nalo ni aina moja ya mnyama au mmea. Neno hili ni lile lile katika umoja na wingi: "one species", "many species". Sisi tulipolichukua tulikata ile sauti ya mwisho tukapata spishi. Na si vibaya, maana tumejirahisishia.

Aina ya mnyama ikipungua sana mpaka kuhofiwa kwamba itakwisha, husemwa kuwa ni "endangered". Ndani yake mmo neno "danger", hatari. Mwaka 2021 umoja wa kimataifa wa kuhifadhi maumbile ulimtia tembo wa mbuga za Afrika katika daraja hilo. Hesabu za Tanzania zaonyesha sababu: mwaka 2009 tembo walikadiriwa kuwa 109,051, na mwaka 2014 wakawa 43,330. Hiyo ndiyo "decline", na haikuletwa na ukame bali na "poachers", majangili, kwa ajili ya pembe.

Aina ikikwisha kabisa husemwa kuwa ni "extinct". Neno hili lina undugu na "extinguish", kuzima moto. Kwa hiyo likumbukeni hivyo: "extinct" ni moto uliozimika. Lakini pana msemo mrefu zaidi, "extinct in the wild", nao si sawa. Nitatoa mfano wa kwetu. Katika maporomoko ya mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, walikuwako vyura wadogo wa rangi ya manjano wasiopatikana mahali pengine popote duniani, wakiishi katika manyunyu ya maji yale. Bwawa la umeme lilipojengwa na maji kugeuzwa mkondo mwaka 2000, manyunyu yakapungua. Vyura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na ilikuwa bahati, kwa sababu walio Kihansi walitoweka, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa "extinct in the wild": wamekwisha porini, ingawa wangali hai kizimbani. Tangu mwaka 2012 wengine wakaanza kurudishwa. Mtu aliyesoma neno la kwanza tu, "extinct", akaacha yale matatu yafuatayo, angeandika kwamba chura huyo amekufa wote. Mwisho wa sentensi ya Kiingereza ndiko mambo yalikofichwa. Ile kanuni ya mkiani ikumbukeni.

Sasa neno lililowachekesha wengi: "game". Wote mwalijua kuwa ni mchezo. Kijana mmoja katika darasa la jioni alifasiri "Game Reserve" kuwa ni "wachezaji wa akiba". Alikuwa na akili, ila hakuwa na habari. "Game" katika maneno haya ni wanyama wa kuwindwa, kwa sababu mabwana wa Uingereza ya zamani waliufanya uwindaji kuwa mchezo wao. Huku kwetu wazee walilitambua upande wake wa chunguni: afisa wa idara ile walimwita Bwana Nyama.

Na maneno haya yaliyo juu ya vibao vya mipakani yana uzito. Katika Tanzania, "National Park" ni hifadhi ya taifa, na humo hakuna kuwinda. "Game Reserve" ni pori la akiba, na humo mwenye kibali aweza kuwinda. "Game Controlled Area" ni pori tengefu. "Conservation Area" ni eneo la hifadhi, na Ngorongoro ilipewa jina hilo mwaka 1959 kwa sababu watu na wanyama walikusudiwa kukaa pamoja. Mfano wa kubadilika kwa jina ni Selous, ile iitwayo na wengi Shamba la Bibi: ilikuwa "Game Reserve", na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa "National Park" kwa jina la Nyerere. Ardhi ni ile ile, tembo ni wale wale, lakini aliyekuwa na kibali cha kuwinda katika sehemu ile, kazi yake ilikwisha siku ile. Ukivuka mpaka kuingia Kenya, ambako uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, neno "Reserve" halina maana hiyo tena: Maasai Mara ni "National Reserve", iliyo chini ya serikali ya kaunti ya Narok. Kwa hiyo usichukue neno la upande mmoja ukalipeleka upande wa pili bila kuuliza.

Hapo tumefika kwa mkulima wetu wa Serengeti.

Kwanza maneno ya kutolea taarifa, kwa maana taarifa mbovu haina dawa. Wengi huandika, "Elephants ate my maize." Si kosa la sarufi, lakini mwajua kwamba tembo hali tu. Hukanyaga, na hung'oa. Jifunzeni vitenzi vitatu: "trample", kukanyaga-kanyaga, "uproot", kung'oa na mizizi, "destroy", kuharibu kabisa. Na nomino yake ni "damage", damiji, uharibifu. Basi andikeni hivi: "Last night elephants destroyed two acres of my maize. They trampled the crop and uprooted the banana plants." Usiku wa jana tembo waliharibu eka mbili za mahindi yangu. Waliyakanyaga mazao na kung'oa migomba. Kisha tajeni dalili: "footprints", nyayo, "dung", mavi ya mnyama. Na mtajeni "witness", shahidi, aliyeona. Idadi ya eka isemeni kwa kupima, si kwa kukisia.

Na umbali pia. Neno ni "distance", na mpaka ni "boundary". Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zilihesabu malipo ya mazao kwa eka, zisizidi tano, na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Aliyelima ndani ya mita 500 hakupewa kitu. Kwa hiyo mtu asiyejua "boundary" i wapi aweza kujaza fomu nzima kwa Kiingereza safi, akakosa kwa sababu ya mita 20.

Sasa maneno mawili yenyewe. "Compensation" ni fidia. Ndani yake mna wazo la mizani: umepoteza kitu, nawe warudishiwa thamani yake mpaka mizani ikae sawa. "Consolation" ni faraja, kutuliza moyo. Kamusi ya yule kijana haikudanganya. Zile kanuni za mwaka 2011 zaitwa, katika sehemu ya jina lake, "Dangerous Animals Damage Consolation". Majina yamepanga foleni! Tumieni kanuni yetu, anzieni mkiani: faraja, ya uharibifu, wa wanyama, walio hatari. Jambo lenyewe ni "consolation", na hayo mengine yalieleza tu. Waliolileta katika Kiswahili walifanya kazi nzuri sana: walisema kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au aliyefiwa. Kitambaa hufuta jasho, lakini hakimrudishii mtu nguvu zilizotoka pamoja na jasho lile.

Basi jibu ni hili, ndugu yangu. Ni pesa, wala si maneno matupu ya pole. Lakini si bei ya mahindi yako, na sheria haikuahidi kuwa bei ya mahindi yako. Kwa kanuni zile za mwaka 2011, kifuta machozi cha mtu aliyeuawa na mnyama kilikuwa shilingi 1,000,000 za Tanzania. Hakuna mtu mwenye akili asemaye kwamba hiyo ndiyo thamani ya baba wa watoto; ndiyo sababu neno si "compensation". Upande wa Kenya, sheria ya mwaka 2013 yatumia neno "compensation", nayo iliweka shilingi 5,000,000 za Kenya kwa kifo, na kwa mazao ikasema yapimwe kwa bei ya soko. Shemeji yako hakukudanganya, lakini neno lake ni la sheria ya kwao. Wala usimwonee wivu upesi, kwani wadai wengi wa huko wamengoja malipo hayo miaka mingi. Ukienda ofisini, omba kile ambacho sheria yako imekitaja, kwa jina lake. Uliza viwango vya sasa, kwa kuwa viwango hubadilishwa. Ukitaka kudai kwamba "consolation" igeuzwe kuwa "compensation", hilo nalo ni dai halali, ila mlango wake si ule wa dirisha la fomu; ni kwa mbunge wako.

Nawaongezea maneno mawili madogo, kwa sababu hayo ndiyo hukaa katika sheria kama miiba katika samaki: "shall" na "may". Sheria isemapo ofisa "shall inspect", maana yake lazima akague. Isemapo "may pay", maana yake anayo ruhusa ya kulipa, halazimishwi. Ukisoma karatasi yoyote ya Kiingereza inayokuhusu, chukua penseli uzungushie maneno hayo mawili kwanza, kabla hujasoma mengine.

Huenda mtu akauliza mvua zaingiaje katika kesi ya tembo. Tembo mzima hunywa lita 100 za maji na zaidi kwa siku. Mabwawa ya hifadhini yakikauka hutoka kutafuta, naye hufuata "corridor", ushoroba, njia aliyoizoea. Watu wakiwa wamelima juu ya njia hiyo, hapo ndipo yatokeapo yale magazeti ya Kiingereza yayaitayo "human-wildlife conflict". Anzieni mkiani. Karibu na Tsavo, huko Sagalla, wakulima huzungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, "beehive fence", kwa sababu tembo huogopa nyuki. Nilipenda sana nilipoliona neno hilo, kwani ukiligeuza lina asali ndani yake.

Kazi ya nyumbani. Geuzeni haya kwa Kiswahili, mkianzia mkiani: "drought relief", "crop damage report", "wildlife corridor boundary". Kisha andikeni taarifa ya sentensi nne kwa Kiingereza juu ya shamba lililoharibiwa na viboko au nguruwe mwitu, yenye siku, eka, dalili na jina la shahidi wa kubuni. Wale wenye majirani wasiojua kusoma, wasomeeni sehemu ya "consolation" na "compensation" mara mbili. Katika somo lijalo tutasahihisha taarifa hizo, kisha tutaingia katika maneno ya mikopo na riba. Kwaherini.